Vita ni vya Wafalme, Kalamu ni ya Nani?

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba hadithi ya vita ni hadithi ya mkubwa mmoja, basi. Miswada ya vijana wa hapa Mpanda iliyopita mikononi mwangu, mingi inamhusu Mtemi Mirambo, na mingi inakwenda hivi: mtemi anazaliwa, anakua, anapiga, anasifiwa, anakufa. Katikati wanapita ruga-ruga wasio na majina, na vijiji vinaungua kama vile havikuwa na mtu ndani. Ukimuuliza mwandishi, "Hivi hao waliounguziwa nyumba walikula nini kesho yake?" anakutazama kama umemuuliza bei ya nyanya msibani.

Mimi nadhani swali hilo la chakula ndilo swali la fasihi. Na ili nisionekane nawasakama washikaji wa nyumbani tu, nitapita njia ndefu. Nitaanzia kwenye ugomvi wa Waingereza na Wafaransa wa kale, ule unaoitwa Vita vya Miaka Mia, kisha nirudi huku kwetu Unyamwezi, Ukonongo na Mpimbwe. Vumilia, msomaji. Tutafika.

Ugomvi wenyewe ulianza kama unavyoanza ugomvi mwingi wa ukoo: kwenye msiba. Mwaka 1328 alikufa Charles IV, mfalme wa Ufaransa, hakuacha mtoto wa kiume. Edward III wa Uingereza alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake Isabella. Wakubwa wa Ufaransa wakasema hapana, ufalme haupiti kwa mwanamke, wakamtawaza Philip VI, ndugu wa upande wa baba. Mwaka 1337 Philip akatangaza kumnyang'anya Edward jimbo la Guyenne, kusini magharibi mwa Ufaransa, kulikotoka mvinyo mwingi uliouzwa Uingereza. Hapo sasa. Urithi na biashara vikikaa chungu kimoja, moto hauhitaji kupulizwa.

Yaliyofuata wengi mmeyasikia kwa majina ya mapigano. Crécy 1346, mishale ya Waingereza ikawamaliza mashujaa wa Ufaransa waliopanda farasi. Poitiers 1356, mfalme John II wa Ufaransa akakamatwa mzima mzima. Agincourt 1415, Henry V akashinda tena. Mwaka 1420 mkataba wa Troyes ukasema Henry atarithi Ufaransa. Halafu mwaka 1429 akatokea binti wa kijijini, Joan wa Arc, akauokoa mji wa Orléans, na miaka miwili baadaye akachomwa moto mjini Rouen. Mwaka 1453 mizinga ya Wafaransa ikamaliza kazi pale Castillon. Waingereza wakabakiwa na Calais tu, nayo ikawatoka mwaka 1558.

Ukipiga hesabu, 1337 mpaka 1453 ni miaka 116, tena yenye mapumziko marefu ya mikataba na ya tauni. Wakati watu wanapigana hakuna aliyesema, "Tuko kwenye Vita vya Miaka Mia." Jina hilo walilitunga waandishi wa historia wa karne ya 19. Shika hilo, nitalirudia: jina la vita ni kazi ya mwandishi.

Sasa turudi huku. Mwishoni mwa miaka ya 1850 alikufa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, nchi ya Tabora. Akatawala Mnywa Sere. Mnywa Sere akawatoza kodi wafanyabiashara Waarabu waliokuwa wakipitisha pembe za ndovu na watumwa kwenda Bagamoyo. Waarabu hawakupenda. Mnamo 1860 wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa, mtu wa ukoo huo huo wa kitemi. Mnywa Sere akaingia porini akapigana nao mpaka alipouawa mwaka 1865. Mwingine wa ukoo huo, Nyungu ya Mawe, akatoka na watu wake akaenda kujijengea dola yake Ukimbu. Mwaka 1871 akasimama Mirambo, mtemi wa Uyowa, akaifunga njia ya Ujiji na kuichoma sehemu ya Tabora. Vita vyake na Waarabu vikaendelea mpaka katikati ya miaka ya 1870. Mirambo na Nyungu wote wawili wakafa mwaka mmoja, 1884. Akabaki Isike, mwana wa Mkasiwa, aliyeshika Unyanyembe tangu 1876. Mwezi Januari 1893 Wajerumani walipoingia kwenye boma lake, Isike aliwasha baruti akajilipua asikamatwe.

Mnaona? Urithi unaobishaniwa, kodi ya njia, bidhaa ya thamani, jamaa wa ukoo mmoja wanaokatana. Kuanzia kuondolewa kwa Mnywa Sere mpaka baruti ya Isike ni miaka 33. Mtoto aliyezaliwa bunduki ya kwanza inalia, siku ya mwisho alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na pengine hakuwahi kulala miaka miwili mfululizo bila kusikia kwamba kuna mahali wanapigana. Kwake yeye ilikuwa miaka mia.

Hapa ndipo ninapoanza kulalamika kama mhakiki. Ugomvi wa Edward na Philip umepewa jina zito, herufi kubwa, kama jina la kitabu. Ugomvi wa Mnywa Sere na Mkasiwa, wa Mirambo na Unyanyembe, uliwekwa kwenye kapu la "vita vya kikabila." Kabila gani? Mirambo Mnyamwezi, Mkasiwa Mnyamwezi. Upande wa Mirambo walikuwamo Watuta, watu wa uzao wa Wangoni. Upande wa Mkasiwa walikuwamo Waarabu, na kwa muda mfupi mwezi Agosti 1871 alikuwamo hata Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, na bunduki zake. Kabila ni lipi hapo? Na kwa upande wa Ulaya, wafalme wa Uingereza walikuwa na damu ya Ufaransa, na Kifaransa ndicho kilichozungumzwa nyumbani mwao. Mpaka 1362 ndipo sheria ya Uingereza ilipoagiza kesi mahakamani zisemwe kwa Kiingereza. Kama ni kabila, basi ile nayo ilikuwa vita vya kikabila, tena vya kabila moja.

Stanley huyo huyo alimlinganisha Mirambo na Bonaparte, akamwita Bonaparte wa Afrika. Vijana wetu wanalipenda jina hilo, wanaliweka mpaka kwenye vichwa vya mashairi. Lakini hebu tulichunguze. Mtu kutoka Uingereza anamsifu mtemi wa Urambo kwa kumpima na kaizari wa Ufaransa, adui wa Waingereza. Sifa hiyo inakwenda upande mmoja tu. Hakuna kitabu cha Kiingereza nilichokisoma kinachomwita Edward III "Mirambo wa Ulaya," ingawa kwa kuvizia, kwa kuteka na kwa kupenda kodi ya njia wangeelewana vizuri sana. Mwandishi anayeanza, akipokea kipimo cha mwenzake bila kukigeuza upande wa pili, amekwisha pangiwa hadithi kabla ya kushika kalamu.

Basi tuwatazame waandishi wenyewe.

Wa kwanza ni Jean Froissart. Alizaliwa karibu na mwaka ule ule vita vilipoanza, akafa mwanzoni mwa karne ya 15, na kazi yake kubwa ya kumbukumbu ndiyo iliyowafanya wengi waijue nusu ya kwanza ya vita hivyo. Froissart alikuwa mtu wa kuuliza. Alisafiri, alikaa na mashujaa, akawasikiliza wakijisifu, akaandika. Tatizo lake ni mlango aliopitia. Aliishi kwa kulishwa na wakubwa, na kitabu chake cha kwanza alikiandika upya zaidi ya mara moja huku wafadhili wakibadilika. Kwake vita ni uwanja wa heshima. Shujaa akianguka, tunajua jina lake, ngao yake na baba yake. Mwaka 1358 wakulima wa kaskazini mwa Ufaransa walipochoka kuporwa wakawageukia mabwana zao, Froissart aliwaandika kama wanyama waliofungua zizi. Hajui walikuwa wakila nini. Hakuuliza huko.

Na kulikuwa na cha kuuliza. Waingereza walikuwa na mtindo wa kupita nchi ya adui na jeshi la mbio, wakichoma ghala, mizabibu na vijiji, ili mfalme wa Ufaransa aonekane hawezi kulinda watu wake. Mkataba wa mwaka 1360 ulipotiwa saini, askari wa kukodiwa walikosa mshahara, wakajiunga makundi wakaendelea kupora kwa faida yao. Nikisoma habari za makundi hayo nawaona ruga-ruga waziwazi: vijana waliotoka makwao, wasio na shamba, wanaoishi kwa mtutu, leo wa mtemi huyu na kesho wa mwingine. Tofauti ni kwamba wetu tumewapaka rangi ya kutisha, manyoya kichwani na bangi mdomoni, tukaishia hapo. Hivi kijana wa miaka 16 anaingiaje ruga-ruga? Kijiji chake kilikuwa wapi? Hiyo ni riwaya nzima, jamani, na imelala chini inangoja mtu.

Wa pili ni Shakespeare. Mwalimu Nyerere alitupa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, lakini Shakespeare ninayemtaka hapa ni wa Henry V, mchezo wa mwaka 1599 kuhusu Agincourt. Wengi husema ni mchezo wa kujisifu wa Kiingereza, na ni kweli, mfalme anapewa maneno matamu. Ila usiku wa kuamkia mapigano mwandishi anamvalisha mfalme joho la kuazima, anampeleka kukaa na askari. Askari mmoja, Williams, anamwambia bila kumjua kwamba kama sababu ya vita si ya haki, basi mfalme atakuwa na deni zito la viungo vyote vilivyokatwa. Mfalme anajibu kwa maneno mengi. Mengi mno, kwa maoni yangu. Mtu mwenye jibu hajibu kwa urefu ule. Shakespeare alikuwa anatafuta riziki chini ya malkia, asingeweza kumpa askari ushindi, lakini alimpa swali, na swali hilo limebaki jukwaani zaidi ya miaka 400. Ndugu mwandishi wa Mirambo, nani kwenye mswada wako anamuuliza Mirambo swali? Kama hakuna, umeandika sifa za jukwaani, mchezo bado.

Mtu huyo huyo, katika mchezo wake mwingine wa vita hivyo, alimfanya Joan wa Arc kuwa mchawi. Kumbe mshairi mwanamke wa Ufaransa, Christine de Pizan, alikuwa amekwisha andika shairi la kumtukuza Joan mwaka 1429, Joan akiwa bado hai. Binti mmoja, kalamu mbili, na sura haziwezi kukaa meza moja. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "historia inasema," muulize historia ya nani, tena aliandika akiwa amekaa wapi.

Wa tatu ni wetu, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Maisha yake aliyasimulia kwa Kiswahili, na yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kila kijana anayeandika nathari ya Kiswahili akisome kitabu kile, nasema kweli, kwa lugha yake tu. Sentensi fupi, hazina mapambo: tulikwenda, tulifika, tulipigana, tulipata pembe kadha wa kadha. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mkubwa Unyanyembe na alimwoa binti wa Fundikira, kwa hiyo ugomvi wa Mnywa Sere kwao ulikuwa ugomvi wa nyumbani. Anausimulia kama mtu wa ndani. Lakini kalamu yake ni ya daftari la mfanyabiashara. Pembe zinahesabiwa kwa uzito. Watu waliotekwa wanapita kama mzigo kati ya mizigo. Sanaa yake na ukatili wake vinatoka mahali pamoja, kwenye ule utulivu wa kuhesabu. Mhakiki akisifu utulivu ule bila kusema unaficha nini, naye amegeuka karani.

Wa nne ni Stanley, na huyu alipita mlangoni kwetu. Mirambo alipofunga njia ya moja kwa moja, Stanley alitoka Tabora mwezi Septemba 1871 akazunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo ndipo akafika Ujiji kumpata Livingstone. Kwa maneno mengine, msafara maarufu kuliko yote wa karne ile ulipita nchi hii yetu kwa sababu ya vita. Kitabu chake kilitoka mwaka 1872. Ukonongo mle ndani ni pori zuri la kuwinda, na wapagazi ni watu wa kusukumwa waende. Sisi tulikuwa mandhari.

Msomaji anaweza kusema, sawa, hao wote walikuwa wapita njia na wakubwa, ungewataka waandike nini? Basi nitoe mfano mmoja unaonikera kuliko yote, wa hapa hapa mkoani.

Mwaka 1879 mfalme Leopold wa Ubelgiji alilipia tembo 4 wa kufugwa kutoka India, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam, wabebe mizigo mpaka ziwani. Ndiyo, tembo kutoka India, kuletwa Katavi! Kiongozi wa msafara alikuwa Kapteni Carter. Tembo wengi walikufa njiani. Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kituo ambacho mwaka 1885 kilichukuliwa na mapadre wa White Fathers, shirika lililoanzishwa na Mfaransa, Kardinali Lavigerie. Mwezi Juni 1880 Carter na mwenzake Cadenhead walikuwa Mpimbwe wakati majeshi ya Mirambo na wenzake yalipoushambulia mji ule. Wazungu wale wawili wakauawa. Habari zikafika Unguja, zikafika Ulaya. Barua zikaandikwa, Mirambo akajieleza, konsuli wa Uingereza akaacha kumwunga mkono kama zamani. Ndiyo maana mimi na wewe leo tunajua majina ya Carter na Cadenhead.

Sasa nitajie Mpimbwe mmoja aliyekufa siku ile. Mmoja tu.

Mji ulishambuliwa. Boma liliingiliwa. Palikuwa na wazee, akina mama, watoto, wageni wa biashara. Juni ni mwezi watu wana mavuno ndani, ghala zimejaa, na ndiyo maana wavamizi hupenda kiangazi. Kati ya watu wote hao karatasi ilibeba wawili, tena waliokuwa wanapita. Si kwamba waliosalia hawakuwa na la kusema. Hawakuulizwa.

Nasema hawakuulizwa kwa sababu najua mahali ambapo waliulizwa. Joan alipochomwa mwaka 1431 hukumu ilisema ni mzushi wa dini. Baada ya Wafaransa kushinda, kesi ilifunguliwa upya, na mwaka 1456 hukumu ile ikafutwa. Katika kuichunguza, makarani walikwenda kijijini kwake Domrémy wakawaita majirani: wakulima, akina mama, watu aliocheza nao utotoni. Wakaandika walichosema. Leo tunajua Joan alisokota nyuzi, tunajua alivyoishi na wazazi wake. Tunajua kulikuwa na mti mkubwa karibu na kijiji, ukisemwa ni wa majini, na vijana walikwenda chini yake kuimba na kucheza siku za sherehe. Wanakijiji wa karne ya 15, wengi wao hawajui kusoma, wanasikika mpaka leo kwa sababu karani mmoja alikaa chini na kalamu akauliza, "Ninyi mlimwonaje?"

Mti! Sisi nao tunao mti. Mkwaju wa kando ya Ziwa Katavi, unaosemwa ni makao ya Katabi, ambaye jina lake limebebwa na hifadhi na sasa na mkoa mzima. Watu wamepeleka sadaka pale vizazi na vizazi. Domrémy waliuliza juu ya mti wao kwa ajili ya kesi. Sisi mti wetu umebaki wa kuonyeshwa watalii kabla ya kuwapeleka kwenye viboko. Nani ameuliza waliokimbia vita walipita hapo wakaomba nini?

Najua hoja zitakazorudi, kwa sababu vijiweni nimezisikia. Ya kwanza: "Wakoloni walituambia hatuna mashujaa, acha tumsifu Mirambo wetu." Nakubaliana na nusu ya maneno hayo. Mirambo alikuwa mtu mkubwa wa akili, aliunganisha nchi, alielewa bunduki na biashara kuliko wengi waliomdharau. J. B. Kabeya alifanya vyema kumwandikia kitabu. Tofauti yetu na Wafaransa pia ni kubwa, nisiifiche. Wao walipomaliza kupigana, mshindi alikuwa mmoja wao, akawa na nafasi ya kuandika ushindi wake. Kwetu aliingia mtu wa tatu, Mjerumani, akachukua nchi ya mshindi na ya mshindwa, kisha akatuandikia yeye. Kwa hiyo hamu ya kumrudishia Mirambo heshima yake ni ya haki. Lakini kumsifu si lazima kuwafute Wapimbwe. Ukimfanya Mirambo asiye na doa, umemchukua mtu ukaweka sanamu, na sanamu haina hadithi.

Hoja ya pili: "Hakuna ushahidi, tutaandikaje watu tusiowajua?" Hii ndiyo hoja ya kweli, na jibu lake lipo kwenye rafu zetu. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, mwaka 1969, alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa sanaa, si yule wa historia mtupu. Hakudanganya mtu. Na tazama anavyoufungua mchezo wa vita vikubwa kama Maji Maji: hakuna bunduki, hakuna mganga. Kuna wanawake wanazungumza juu ya upungufu wa chakula, kwa sababu wanaume wamepelekwa kulima pamba ya Mjerumani. Kabla hatujasikia habari ya maji tumekwisha elewa kwa nini mtu angetaka kuyaamini. Njaa imeutangulia unabii. Ndiyo sababu mchezo ule haujazeeka, wakati michezo mingi ya kupigana mikuki jukwaani imekufa na kikundi kilichoicheza.

Na ushahidi si mdogo kama tunavyodhani. Mkoani hapa pale Karema aliishi Adrien Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, akafika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1880 akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Huyo aliandika habari zake mwenyewe. Mtu aliyewahi kuuzwa alishika kalamu, hapa hapa, na wangapi kati yetu tunaojiita waandishi wa Katavi tumemtafuta? Tuna majina ya mahali, na kila jina la kijiji lina sababu. Tuna majina ya watu, maana mababu zetu walimpa mtoto jina la njaa, la vita, la safari. Mirambo lenyewe, wenyeji wengi husema, maana yake ni maiti. Nyungu ya Mawe ni chungu cha mawe. Mtu anayejiita Maiti anakwambia habari za zama zake bila kufungua kitabu.

Tena vita havijawa mbali nasi kiasi hicho. Katumba ipo hapa jirani, na Mishamo. Watu walifika Katumba wakikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, Mishamo ikafunguliwa mwaka 1978, na tangu 2014 wengi wao ni raia wenzetu. Wapo wazee mle wanaokumbuka mto waliovuka na chungu walichokiacha jikoni. Vijana wao tunapanda nao treni moja ya Kaliua. Kama swali la kijana wa ruga-ruga linakushinda kwa sababu ni la mwaka 1880, basi muulize bibi wa Katumba alikula nini siku ya tatu. Utajua cha kuandika kuhusu Mpimbwe. Njaa ya siku ya tatu haibadiliki sana kwa karne.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu si kubwa. Usianze na mtemi. Anza na mwanamke wa Mpimbwe, asubuhi moja ya Juni 1880, ghala lake lina mtama, kuna wageni weupe wawili mjini ambao hawamhusu, na mbwa wanabweka upande usio wa kawaida. Mpe jina, kwa kuwa historia haikumpa, useme ni lako wewe mwandishi. Mirambo aje baadaye, kama moshi, kama mlio, kama amri iliyotolewa mbali. Mtu huyo mkubwa hatapungua. Tutamwona kutoka mahali alipoonwa na watu wengi zaidi.

Halafu tukipata kurasa kumi za namna hiyo, tuzipe vita hivyo jina. Wafaransa na Waingereza walisubiri karne kadhaa wakapewa jina na waandishi wao. Sisi bado tunatumia tulilopewa na wageni. Mimi nina majina mawili kichwani lakini siyasemi, nisije nikawapunguzia kazi. Anayebisha, abishe kwa hadithi. Kurasa za gazeti hili zipo, na mhariri anasema toleo lijalo nafasi haijajaa.